Chatu wangu ana siku 19 kwangu na hajala: je, nimlazimishe?

Jambo Yaya,

Nakuandikia usiku huu kwa sababu usingizi umekataa. Nina miaka 23, nasoma hapa Lubumbashi, na tunakaa Katuba: mama, nkambo wetu mzaa mama, mimi, na mdogo wetu wa mwisho mwenye miaka 4.

Jirani yetu mmoja, injinia wa mgodini, alimaliza mkataba wake mwezi wa sita akarudi kwao. Vitu vyake aliviuza karibu vyote. Ambaye hakumuuza ni chatu mdogo, wa aina ile ambayo kwa Kifaransa huitwa chatu wa kifalme, aliyemnunua Afrika Kusini kwa mtu anayewazalisha. Nilikuwa napita kumtazama karibu kila juma. Siku ya kuondoka injinia aliniita akanikabidhi nyoka, karatasi zake, tangi la kioo, mkeka wa kupasha joto, kiboksi kidogo chenye namba na waya ambacho sijui kazi yake, na daftari. Ameandika humo kwamba siku ile nyoka alikuwa na gramu 71, kwamba alikula siku 5 kabla, na kwamba huwa anampa panya weupe wadogo waliogandishwa, akiwapasha kwanza. Mimi panya hao sina.

Leo ana siku 19 kwangu na hajala hata mara moja. Nimempima kwenye mizani ya jikoni: gramu 68.

Nimejitahidi, Yaya. Tangi nimeliweka saluni, yaani sebuleni, juu ya kabati, ili azoee watu. Sikuweka kitu ndani zaidi ya magazeti, bakuli la maji na tawi, nikiogopa asijisikie amefungwa gizani. Juu nimening'iniza balbu. Usiku wa tatu nilimtumbukizia panya aliyenaswa nyuma ya mfuko wa unga, nikawaacha pamoja hadi asubuhi. Asubuhi panya alikuwa akitembea, na nyoka amejikunja pembeni kama ngumi, kichwa kimefichwa katikati, na mgongoni ana kajeraha. Nimejaribu pia yai bichi, vipande vya maini ya mbuzi, hata kapenta (dagaa). Kila siku nampelekea kitu, kila siku anageuza kichwa.

Umeme kwetu unakatika saa 12 jioni na mara nyingi unarudi alfajiri. Kwa sababu ya baridi hii ya mwezi wa saba, kila jioni namtoa namweka ndani ya pulova yangu, kifuani, ili apate joto langu. Anajikunja na hasogei. Nilidhani anafurahi.

Mjomba amesema Jumamosi atakuja tumfungue mdomo tumsukumie panya kwa kijiti. Nkambo ameshamwona usiku amejinyoosha kando ya kioo, na sasa anasema anapima urefu wa mtoto. Kwa majirani imeanza kuvuma kwamba nimeleta mboma (chatu) wa kutapika pesa. Mwenye nyumba bado hajasikia.

Naogopa atakufa mikononi mwangu. Nimlazimishe? Na je, anateseka?

Msichana wa Katuba

*

Mdogo wangu,

Mpigie mjomba simu leo, usingoje Jumamosi, umwambie asije na kijiti. Kumfungua nyoka mdomo kwa nguvu kunavunja meno yake membamba, kunaweza kupasua koo, na hata asipoumia, atakuwa amejifunza kwamba chakula ni kushambuliwa. Kuna wakati daktari wa wanyama humlisha chatu kwa mrija, na wakati huo ni nyoka anapokuwa amedhoofika kweli. Wako bado yuko mbali na hapo. Ametoka gramu 71 akafika 68, yaani amepoteza 3 katika siku 19, na humo mna mavi na mkojo wa mlo wa mwisho. Mimi ningeanza kuhangaika akishuka chini ya 64, ambapo atakuwa amepoteza moja ya kumi ya uzito wake. Chatu wa aina hii waliokomaa hukaa miezi bila kula na wasipungue sana. Mdogo hana akiba kama hiyo, lakini majuma 3 au 4 hayamuui.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu nitakuambia jambo litakalokuuma kidogo. Tumbo la nyoka wako halina kasoro. Anaogopa na anasikia baridi, na sehemu kubwa ya woga huo unatoka katika mambo uliyomfanyia kwa upendo. Nakuelewa vizuri kabisa. Chatu wangu wa kwanza alikufa katika kiangazi cha baridi kama hiki, nikimtoa na kumshika kila siku nimwone kama bado anapumua.

Mfikirie huyu kiumbe kwao. Chatu wa kifalme ni wa savana zinazoanzia Senegal hadi Uganda; katika nchi yetu ya Kongo wako kule kaskazini, upande wa Uele, huku Katanga hawako. Mchana anaushinda ndani ya shimo la panya au kichuguu kilichoachwa na mchwa, mgongo unagusa juu, mbavu zinagusa pande zote. Ndani ya shimo anajua kwamba hakuna jicho linalomwona. Usiku anatoka, au anatoa kichwa tu mlangoni na kungoja panya apite. Akikutana na hatari hapigani wala hakimbii: anajikunja kuwa tufe, kichwa katikati, angoje hatari ipite. Ile ngumi uliyoiona asubuhi pembeni mwa tangi, na ile unayoisikia kifuani kila jioni, ni hiyohiyo. Mdogo wangu, hakuwa akifurahi, alikuwa akingoja umwachilie. Na wewe umemweka juu ya kabati, kwenye kioo kitupu, katika chumba chenye watu, chini ya balbu. Kwake ni kama mtu aliyelazwa uchi katikati ya soko. Hakuna anayekula akiwa hapo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni nyumba. Chakula kitafuata.

Tangi la kioo liweke kando kwa sasa, linapoteza joto haraka sana. Tafuta sanduku la plastiki lenye mfuniko, la kutunzia nguo, la lita 30 au 40. Toboa matundu madogo pande mbili, juu kidogo, na uhakikishe mfuniko unabana kweli, kwa vibanio, kwa sababu mwili wa unene wa kidole hupita penye upenyo usioutazamia. Liweke chumbani kwako, karibu na sakafu, mahali pasipopita watu, na pande tatu zifunike kwa kitambaa cheusi. Ndani tandika magazeti au karatasi nyeupe. Halafu maficho, na yawe mawili yanayofanana: moja upande wa joto, moja upande wa baridi. Ukimpa moja tu atalazimika kuchagua kati ya kujificha na kupata joto linalomfaa, na nyoka mwenye woga atachagua kujificha hata akigandia humo. Usinunue kitu. Boksi dogo la majani ya chai lililokatwa mlango linatosha, au kipande cha chungu kilichofunikwa. Kiwe kidogo kuliko unavyofikiri, aingie na kukijaza. Ukiona nafasi ya kutosha nyoka wawili, ni kikubwa mno. Tawi litoe kwanza. Bakuli la maji libaki, zito, lisipinduke.

Kile kiboksi chenye namba ambacho hukijui kazi yake ndicho kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuachia injinia. Ni kidhibiti joto. Mkeka unachomekwa ndani yake, chenyewe kinachomekwa ukutani, na ile ncha ya waya inalala kati ya mkeka na sanduku. Kiweke nyuzi 32. Mkeka ukae chini ya sanduku, nje, ukishika theluthi moja tu ya sakafu. Bila kidhibiti, mkeka kama huo unaweza kumchoma ngozi ya tumbo huku yeye amelala juu yake. Upande wa joto uwe na nyuzi 31 hadi 33 sakafuni, upande wa baridi 25 au 26, naye atembee kati ya pande hizo anavyotaka. Nunua kipimajoto, usitegemee kiganja chako. Balbu izime uitoe kabisa: inamwangazia usiku na inakausha hewa ambayo tayari ni kavu.

Hapo tunafika kwenye baridi yenyewe. Lubumbashi iko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba joto la nje linashuka usiku hadi chini ya nyuzi 10. Sisi tunajifunika blanketi na mwili unatengeneza joto lake. Nyoka hatengenezi: blanketi kwake ni kitambaa tu. Chumba kikifika nyuzi 15, mwili wake wote unafika 15, na tumbo linasimama. Hata kama angekula usiku huo, panya angeoza ndani kabla ya kusagwa, na angemtapika. Chatu mdogo aliyetapika ana hali mbaya kuliko aliyekataa kula. Inabidi apumzike karibu wiki 2 kabla ya kujaribiwa tena. Ndiyo maana nakuomba usimpe chochote mpaka uwe na hakika kwamba usiku wake hauendi chini ya nyuzi 23 au 24.

Kwa delestaji, huu mgao wa umeme unaotuacha gizani muda wa saa 12 kila usiku, kuna njia mbili. Kama nyumbani kuna batri ya solari, piga hesabu: mkeka mdogo huwa unakula wati 8 hivi, kwa saa 12 hiyo ni wati-saa 96. Batri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina 600. Huyu nyoka hatawanyima mama na nkambo taa. Kama batri hakuna, nenda sokoni kwa wauza samaki uombe boksi la frigoliti, lile jeupe jepesi la kuwekea samaki wa baridi, kubwa la kuingiza sanduku lake lote. Jioni pasha maji moto kwenye mbabula, jiko letu la makala (mkaa), nje, jaza chupa 2 za lita moja na nusu, zivingirishe taulo, uziegemeze nje ya sanduku upande mmoja tu, ndani ya frigoliti. Mfuniko wa frigoliti uache wazi upana wa vidole 2, hewa ipite. Maji yasiwe ya kuchemka, yawe ya moto ambao mkono unauvumilia kwa muda mfupi kupitia taulo. Utaamka mara moja usiku kubadilisha. Ni kazi, ndiyo, lakini inakwisha mwezi wa nane baridi inapolegea.

Na mbabula usiiingize chumbani, hata kwa dakika, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Makala yanayowaka hutoa gesi isiyo na harufu, inalaza watu na hawaamki. Afadhali nyoka apate usiku mmoja wa baridi kuliko mdogo wako alale chumba kimoja na makala.

Hewa kavu ya kiangazi nayo ina kazi yake. Anahitaji unyevu wa asilimia 55 hadi 65. Chukua kopo la siagi, litoboe mlango ubavuni, weka ndani kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, uliweke katikati ya sanduku. Siku macho yake yatakapogeuka ya bluu kama yenye ukungu, ujue anakaribia kujivua gamba. Siku hizo hali chakula na wala hana ugonjwa, kwa hiyo usimjaribu. Gamba likitoka zima, hadi vifuniko vya macho, unyevu unatosha. Likitoka vipandevipande, ongeza. Ila usigeuze sanduku kuwa bwawa: sakafu yenye maji na hewa isiyozunguka humletea vidonda vya tumboni na mafua ya mapafu. Ukimsikia anapumua kwa mlio, au ukaona mapovu mdomoni, hapo ndipo usingoje.

Sasa chakula. Yai, maini na kapenta hatavila kamwe, usiendelee kupoteza pesa. Wapo nyoka wa Afrika wanaoishi kwa mayai tu, wako si mmoja wao. Huyu anatambua chakula kwa joto na harufu ya mnyama mzima. Kwenye midomo ana vishimo vidogo vinavyohisi joto gizani. Maini baridi kwenye sahani kwake ni kama jiwe.

Yule panya wa mtego nina mambo matatu ya kukuambia juu yake. Alikuwa mkubwa mno. Nyoka wa gramu 68 anahitaji mlo wa gramu 7 hadi 10, panya wa wiki 2 au 3 aliyeota manyoya, ambaye unene wake haupiti sehemu nene ya nyoka. Panya mzima wa nyumbani ana gramu 20 na zaidi. Alikuwa hai, na panya hai akiachwa usiku na chatu mwenye woga, panya ndiye anayekula: kale kajeraha ni meno yake. Kaoshe mara moja kwa Betadine, ile dawa ya kuoshea vidonda, iliyochanganywa na maji mpaka iwe rangi ya chai nyepesi, kisha mwache, ila uangalie kama patavimba. Na alitoka mtaani, ambako watu wanatega sumu. Panya aliyekula sumu anaweza kumuua anayemla, tena mtaani hubeba minyoo na magonjwa. Usirudie.

Soma tena daftari la injinia. Huyu nyoka ameshazoea panya mweupe aliyekufa, aliyepashwa. Hilo ni jambo la kushukuru, wengine huhangaika miezi kumfundisha nyoka hivyo. Waulize watu wa Kitivo cha Tiba ya Wanyama pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wapi panya weupe wanapatikana mjini. Hata kwa jeraha na kwa ushauri wa uso kwa uso, ningebisha mlango huo kwanza. Ukipata dume na majike 2, wafuge mwenyewe: jike hubeba mimba siku 20 hivi na huzaa watoto 6 au 8, wanaotosha kwa majuma mengi. Kwa umeme wetu, kufuga panya ni salama kuliko kutegemea friza. Nyama iliyoyeyuka ikaganda tena usimpe. Kuwaua, mwombe mtu anayejua kufanya hivyo haraka bila kuwatesa, na usimwache mtoto aangalie.

Siku ya kumlisha iwe usiku, saa 2 au saa 3, nyumba imetulia, taa imezimwa, umebaki na mwanga hafifu nyuma yako. Panya muweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mfuko kwenye maji ya moto kiasi, hadi apate joto la mwili wa mnyama hai, kichwa kizidi kidogo. Mshike kwa koleo refu, usimshike kwa vidole, kwa sababu nyoka hufuata joto na mkono wako una joto. Msogeze polepole mbele ya ficho la upande wa joto, kichwa cha panya kikiwa mbele, umtikise kidogo kama anayetembea, halafu utulie. Akitoa kichwa, akatoa ulimi mara nyingi, shingo ikajipinda kama herufi S, usisogee. Atapiga, atamzungushia mwili, na unaweza kungoja nusu saa kabla hajaanza kumeza. Ondoka kwa kunyata.

Asipochukua ndani ya dakika 10, mlaze panya mlangoni pa ficho, funika sanduku, nenda kalale. Wengi wanaoogopa hula wakiwa peke yao. Asubuhi, kama bado yuko, mtoe umtupe, na usijaribu tena mpaka zipite siku 6 au 7. Hapa ndipo nitakuwa mkali kwako: hiyo desturi ya kumpelekea kitu kila siku ndiyo inayomfundisha kukataa. Kila unapofungua, anahesabu shambulio jingine.

Akikataa mara mbili na kila kitu kingine kiko sawa, kuna njia ambayo mimi naiamini. Watafiti waliochunguza chatu hawa kusini-mashariki mwa Nigeria, kazi yao ikachapishwa mwaka 1998, waligundua kwamba walio chini ya sentimita 70 walikuwa wakila zaidi ndege, na panya walikuwa chakula cha wakubwa. Nyoka wako ni mtoto wa desturi hiyo. Omba manyoya ya kifaranga kwa anayefuga kuku, msugue nayo panya aliyepashwa, hasa kichwani, umpe vilevile gizani.

Akila, usimguse kwa saa 48. Akila mara 3 mfululizo, kila baada ya siku 6 au 7, unaweza kuanza kumshika: dakika 10, mara 2 kwa juma, mkono ukitokea ubavuni na si juu ya kichwa. Kwa juu hutokea mwewe. Mpime kila Jumapili, uandike kwenye daftari la injinia palepale alipoishia.

Nkambo wako usimkatalie kwa dharau. Amekulia katika mji ambao miaka ya 1970 saluni nyingi zilikuwa na picha ya Mamba Muntu ukutani, yule mwanamke wa majini anayempa mtu mali na kumdai kitu kikubwa badala yake. Na huku Katanga swila na kifutu si hadithi, kila familia ina mtu aliyemwona mmoja, au mtu iliyemzika kwa sababu yao. Hofu yake ina mizizi. Kaa naye, umwambie kweli: nyoka anayejinyoosha kando ya kioo anatafuta njia ya kutoka au mahali pa joto. Huyu akikomaa atakuwa na mita moja na kidogo, mawindo yake hayapiti unene wa mwili wake, na sumu hana. Mwonyeshe vibanio vya sanduku. Kama ni jike atanenepa kuliko dume, lakini hatafika ukubwa wa chatu wa porini kwetu huku kusini, ambaye anaweza kupita mita 4. Kama unataka hakika kwamba injinia hakuuziwa huyo mwingine, mtazame kichwa: wa kifalme ana mstari wa rangi ya mchanga unaotoka puani ukapita jichoni hadi nyuma ya taya, na chini ya jicho hana ile alama nyeusi ya pembetatu aliyo nayo chatu mkubwa.

Mwenye nyumba mwambie wewe mwenyewe, mapema, ukiwa na mama. Akisikia kutoka kwa majirani atasikia ya pesa zinazotapikwa, na siku nyoka akitoroka uani watamkuta na jembe kabla yako. Usimfiche mtu. Kinachofichwa ndicho kinachotungiwa hadithi.

Hatari ya kweli kwa mdogo wako wa miaka 4 haionekani. Nyoka hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua, na watoto wadogo huharisha vibaya kwa ajili yao. Mtoto asimshike nyoka wala maji yake. Wewe osha mikono kwa sabuni kila baada ya kugusa chochote cha sandukuni, na bakuli lake lisioshewe jikoni mnapopikia bukari (ugali). Na ile ya kumweka kifuani, hata kwa sababu hii peke yake, imekwisha.

Karatasi zitunze pakavu. Chatu wote wamo katika mkataba wa CITES wa biashara ya wanyama wa porini, ambao nchi yetu imo tangu 1976, na anayevuka mpaka na mmoja lazima awe na ruhusa. Nenda ofisi ya ICCN, taasisi ya nchi yetu ya kuhifadhi wanyama na mazingira, na karatasi hizo, uulize kama ziko sawa kwa jina lako. Usifikirie kumwachilia porini siku utakayochoka: huku si kwao. Na siku hiyo ifikirie tangu sasa, kwa sababu akitunzwa ataishi miaka 20 hadi 30. Kule Marekani, katika bustani ya wanyama ya St. Louis, jike mmoja alitaga mayai mwaka 2020 akikadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 60. Utamaliza masomo, utaolewa, utahama, naye atakuwepo.

Uliniuliza kama anateseka. Usiku wa baridi, ndiyo, anasumbuka. Njaa bado haimtesi. Kesho asubuhi umeme ukirudi, tengeneza sanduku, mhamishe mara moja bila kumchezea, funika, kisha hesabu siku 7 kamili ambazo utabadilisha maji tu. Usiku wa nane, saa 2, panya akiwa na joto, jaribu. Nitangoja uniandikie, na uniambie Jumapili hiyo mizani imesoma ngapi.

Yaya wako